Kuku Aliyemeza Kipande cha Redio

Juzi nilikuwa Rwamgasa katika biashara yangu ya vitenge. Njaa iliponibana nikaingia kwa mama ntilie mmoja, jirani na mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Unapajua mahali kama hapo: vumbi linaingia mpaka kwenye chai, na ukitaka chumvi lazima upige kelele kushinda mashine. Kwenye benchi nilimkuta kijana mchimbaji ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinajiuliza kama zitoke au zisubiri. Mama ntilie akaanza kutupakulia kuku wa kienyeji. Upawa ukaja juu ya sahani yangu, nikaiona firigisi imekaa pale, imeiva vizuri, inameremeta mafuta. Upawa ukasita. Kisha ukapita, ukaenda kuimwaga firigisi kwenye sahani ya yule kijana.

"Samahani, mama'angu," mama ntilie akasema. "Hiyo ni ya baba."

"Baba yupi? Huyu si sawa na mwanangu wa mwisho?"

"Ndiye baba aliyepo," akajibu, na wote tukacheka. Wao wakaacha kucheka, mimi nikaendelea, mpaka machozi yakanitoka na yule mama akaniuliza kama pilipili imenipalia. Ningeanzaje kumweleza? Watu walikuwa wamepanga foleni na sahani zao. Lakini wewe una nafasi, nitakusimulia.

Mimi ni mtu wa kutangatanga. Nimekaa Runzewe, nimekaa Geita, nimekaa Kahama, na kila mahali nimeacha sufuria na majirani wema. Lakini ukiniuliza nyumbani ni wapi, miguu yangu inaelekea Samuye, kwa bibi yangu mzaa baba. Wazazi wangu walikuwa wakihangaika na maisha upande wa Geita, nami nikaachwa kwa bibi na babu tangu nikiwa sijaota meno ya pili. Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya themanini, vita vimekwisha, maduka yamebaki na rafu. Sabuni ilikuwa habari ya kusimuliana. Sukari ilikuwa kitu cha wagonjwa na wageni. Lakini mtoto hajui kama ni shida. Mimi nilijua asubuhi naamka kwa mlio wa bibi akisukasuka kibuyu cha maziwa, na mchana kuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani, imechemshwa na karanga za kutwanga mpaka rojo linakuwa zito kama uji. Mpaka leo nikisikia harufu ya karanga zinazotwangwa, naangalia nyuma kama bibi ananiita.

Babu yangu alikuwa mwimbaji. Si wa bendi, si wa kwaya. Kwetu watu wakialikana kulima shamba la mtu, hulima kwa ngoma, majembe yanapanda na kushuka kwa pamoja, na lazima awepo mtu wa kuwaimbia. Mtu huyo alikuwa babu. Mashairi yake aliyatunga pale pale shambani, huku jasho linamtiririka, akimtania mvivu, akimsifu mwenye shamba, akimcheka mtoza kodi. Watu waliinama asubuhi wakastukia jua limefika utosini na shamba limekwisha.

Siku moja yalikuja magari mawili ya watu wa redio kutoka Dar es Salaam, na mashine ya kunasa sauti yenye magurudumu mawili yanayozunguka. Wakamnasa babu akiimba, wakulima wakiitikia, majembe yakipiga ardhi. Bibi siku hiyo alichelewa kuleta uji shambani, na babu, kwa kuwa hakuweza kuacha jambo lipite hivi hivi, akalitia kwenye wimbo. Akaimba kwamba anaye mke ambaye uji wake unasafiri kwa miguu kutoka Tabora. Watu wakacheka hadi mdundo ukapotea. Bibi akaweka kibuyu cha uji chini, akashika kiuno, hakusema kitu, maana mashine ilikuwa inazunguka na wageni walikuwa wameomba watu wasiongee.

Wakati wa kuondoka wale wageni walisema, "Mzee, utajisikia Jumapili moja, alasiri, kipindi cha ngoma za asili."

Tangu siku hiyo, kila Jumapili alasiri babu alikaa kwenye kigoda chake mlangoni, redio mapajani. Hakujisikia. Zilipigwa ngoma za watu wengine, na hata hizo tulizipata kwa shida, kwa sababu kwetu redio ilikuwa na tabia yake. Jioni giza likianza kuingia ilisema vizuri. Alasiri, jua likiwa kali, ilikuwa kama mtu anakaanga karanga huku mvua inanyesha juu ya bati, na mahali fulani nyuma ya hizo karanga kuna mtu anaongea. Babu aliinamisha kichwa, akaweka sikio kwenye matundu ya spika, akatikisa kichwa. "Si sisi," alisema. "Hao ni watu wa Mtwara."

Alifariki mtama ukiwa unaanza kukomaa, bila kujisikia.

Sasa nikueleze jambo moja kuhusu nyumba yetu baada ya matanga. Bibi aliacha kuchinja kuku. Hakutangaza, aliacha tu. Kuku walikuwepo, tena wengi, wanazaliana mpaka wanalala juu ya ghala. Mgeni akija alipikiwa mayai, alikaangiwa dagaa, alipewa maziwa ya mgando na ugali wa mtama. Kuku hapana. Shangazi yangu alipokuja akauliza mbona kuku wamejaa na sisi tunakula mlenda, bibi alimjibu, "Nikichinja, firigisi nimpe nani?"

Firigisi ni ya mwenye nyumba. Wewe unajua, kila mtu anajua. Kwetu mwanamke angeweza kupika kuku maisha yake yote, akaiosha firigisi, akaimenya ile ngozi ya njano, akaiunga, na asijue ladha yake. Bibi yangu alizeeka hivyo. Na kwa kuwa mwenye nyumba amelala nyuma ya nyumba, kuku wote wakapata pumziko.

Basi siku moja, katikati ya wiki, jirani yetu alirudi na baiskeli kutoka Shinyanga mjini alikokwenda kutafuta chumvi. Mtu mmoja mrefu, mcheshi, aliyekuwa akipiga ngoma kwenye kundi la babu. Alianza kupiga kelele kabla hata hajashuka.

"Mayu! Mayu! Wametaja Samuye!"

Mayu ni mama kwa Kisukuma; ndivyo alivyomwita bibi.

"Nani katutaja? Tumefanya nini?"

"Redioni! Nimesimama dukani, namsikia mtangazaji kwa masikio yangu haya mawili. Jumapili hii, alasiri, wakulima wa Samuye, Shinyanga. Ni sisi, Mayu. Ni Mzee."

Bibi alikuwa akipepeta mtama. Aliuweka ungo chini taratibu, kama una maji ndani. Kisha akauliza swali moja tu.

"Alasiri?"

"Alasiri."

Wote tukaiangalia redio pale kwenye kigoda. Alasiri.

Jirani alisema atambeba bibi kwenye baiskeli mpaka mjini akasikilize huko. Bibi alikuwa na miguu iliyovimba, lakini hakuitaja miguu. Alisema, "Nimsikie mume wangu nimesimama dukani kwa watu? Aniimbie uji mbele ya muuza chumvi? Hapana. Atanikuta nyumbani."

Ndipo alipoingia mwalimu wetu wa sayansi. Alikuwa mtu wa Pwani, Mwislamu, mwembamba, shati jeupe hata siku ambayo sabuni haipo. Mpaka leo sijui alilifua kwa kitu gani. Wengine walioletwa kufundisha kwetu walihesabu siku za kuhamishwa. Yeye alijifunza kusema "mwangaluka" asubuhi kama sisi, akaumwa na maji yetu, akapona, akabaki. Na alikuwa na ugonjwa wa redio. Padri mmoja mzee wa misheni, alipokuwa akirudi kwao Ulaya, alimwachia kisanduku ambacho yeye mwenyewe hakuwahi kukifungua. Ndani kulikuwa na vipande vya kuunganisha mwenyewe pamoja na mchoro wake. Mwalimu alikitunza kama watu wanavyotunza shuka la harusi. Habari za Jumapili zilipomfikia alikuja nacho kwapani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umebeba nini, Mwalimu? Mkate?"

"Kikuza mawimbi."

Bibi akamwangalia mpaka akaeleza upya. Akasema redio yetu si mbovu, ila sauti inatoka mbali, inafika imechoka. Hicho kidude kinakaa kati ya waya wa juu na redio. Kinaidaka sauti ikiwa bado nyonge, kinaitia nguvu, ndipo kinaipa redio.

Bibi akanigeukia. Dada yake mkubwa alikuwa hasikii vizuri, na kazi yangu alipotutembelea ilikuwa kukaa baina yao na kumrudia sikioni kila neno lililosemwa.

"Kumbe ni mjukuu," bibi akasema.

Mwalimu alifurahi kupita kiasi. "Hasa! Ni mjukuu! Lakini, Bibi, huyu hachagui. Atarudia kila anachokisikia, stesheni zote, na kelele zote pia."

"Basi ndiye huyu huyu," bibi akasema, akinionyesha kwa kidole. Tangu hapo kile kidude kikaitwa Mjukuu, na sikumbuki mtu yeyote aliyekiita kwa jina jingine.

Jumamosi asubuhi tuliweka mkeka uani, karibu na jiko. Mwalimu alikuwa na chuma cha kulehemu, cha aina ile inayopashwa moto kwenye makaa, na bibi akawa msimamizi wa moto, akikitoa kikiwa na joto la kutosha kana kwamba amelehemu tangu ujana wake. Harufu ya ule ulimbo wa lehemu bado ninayo puani. Ni kama ubani uliochanganywa na bati. Mimi nilipewa kazi ya kushikilia vipande visitikisike, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vyembamba na vilizoea kutunga shanga. Mwalimu alinifundisha majina: transista yenye miguu mitatu kama kigoda, koili iliyosokotwa kama nywele, na vile vidogo vyenye mistari ya rangi ambavyo kazi yake, alisema, ni kuuzuia umeme usikimbie ovyo. Mstari mwekundu, wa kahawia, wa njano. Nikavipenda kuliko vyote.

Ila vipande vilikuwa vikipotea kwenye nyuzi za mkeka. Mwalimu akaomba chombo kipana, chenye ukingo. Bibi akampa ungo.

Ningekuwa mtu mzima ningesema kitu. Bibi mwenyewe alikuwa amegeukia moto. Mwalimu akavimwaga vipande vyake kwenye ungo, na ili vitawanyike avione vyote, akautikisa.

Msomaji wangu, kama umekulia mahali penye kuku, umeshajua. Ungo ukisema shaa, kuku hawaulizi. Walitoka nyuma ya ghala, walitoka chini ya mkokoteni, mmoja aliruka kutoka juu ya paa. Mwalimu aliinua mikono badala ya kuinua ungo. Mbele yao wote alikuwepo Kishingo, mtetea mkubwa asiye na manyoya shingoni, na mimi niliona kwa macho yangu mstari mwekundu, wa kahawia na wa njano ukishuka kwenye ile shingo tupu.

"Kishingo kameza!" nikapiga kelele. "Kameza ya rangi!"

Tulifukuza, tukaokota, tukahesabu kwa kuangalia mchoro. Kilipungua kimoja, kile kile.

"Labda atakitoa," Mwalimu akasema kwa sauti ndogo. "Tumfunge kamba, tungoje."

Jirani, ambaye alikuwa amekuja kutazama na kutoa maoni, alishika mbavu. "Mwalimu! Ninyi huko Pwani kuku wenu wana matumbo ya samaki? Huyu anameza changarawe za kusagia. Kitu kigumu kinakaa kwenye firigisi mpaka kiishe. Mfunge kamba ungoje mvua za mwakani."

"Mjini nitapata kingine?"

"Mjini nimekosa chumvi, nikupatie hicho?"

Hakuna aliyecheka tena baada ya hapo. Jua lilikuwa limeanza kupanda. Kesho yake alasiri babu angeimba, mara moja, na kama tusingemsikia, tusingemsikia tena. Hatukuwa na kinasa sauti wala hatukumjua mwenye nacho. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye mkeka, mikono kwenye magoti, na shati lake jeupe lilikuwa na alama za miguu ya kuku. Sijawahi kumwona mtu msomi amejaa huzuni hivyo kwa sababu ya kuku.

Wote walikuwa wakimwangalia bibi bila kumwangalia. Kumwomba hakuna aliyethubutu, maana wote walijua habari ya firigisi.

Bibi alichochea makaa. Akakitoa chuma cha kulehemu motoni, akakiweka juu ya jiwe kipoe. Kishingo alikuwa akipita pembeni, ametulia, kama mtu aliyetoka kupokea ushauri mzuri.

"Mkamateni," bibi akasema.

Kumkamata kulichukua wanaume wawili, mimi, na mlango mmoja wa ghala. Alipopatikana, jirani akanyoosha mkono apewe kisu, lakini Mwalimu akasema, "Nichinje mimi, Bibi, ili na mimi nile." Alichinja vizuri, kwa bismillahi, uso ameuelekeza kibla. Bibi akanyonyoa, akapasua. Firigisi hakumpa mtu. Aliiweka juu ya jiwe la kusagia, akaikata kwa ncha ya kisu kama anafungua bahasha, na humo ndani, kati ya mtama na mchanga mweupe wa mtoni, kilikuwemo. Rangi zilikuwa zimechubuka. Mguu mmoja mzima, mwingine umebaki kisiki.

Mwalimu alikipokea kwa mikono miwili. "Kiko hai," akasema.

Kuku tulimla siku hiyo hiyo, mwenzangu, baada ya miezi ya mlenda. Sitajaribu kueleza ule mchuzi. Jirani alikula huku akitupa jicho kwenye chungu, na mwishowe akashindwa kuvumilia. Akasema kwamba firigisi iliyotoa chuma si kwamba imeharibika, na kwamba yeye, kama mwanamume mkubwa aliyepo, yuko tayari kuibeba aibu hiyo. Bibi akamwambia amalize shingo yake. Firigisi alikuwa ameiunga peke yake kwenye kibakuli kidogo, na chumvi ya mwisho mwisho iliyokuwepo, akakifunika, akakiweka rafuni. Kesho yake asubuhi alikipasha moto, akakifunika tena. Hakuna aliyeuliza.

Jumapili hiyo asubuhi Mwalimu alimaliza Mjukuu. Waya wa juu tuliufunga kutoka kwenye nguzo ndefu ya jirani hadi kwenye paa letu, na waya wa chini tukaufunga kwenye mtaimbo uliochimbiwa ardhini. Ardhi yetu kiangazi ni ngumu na ina nyufa, kwa hiyo Mwalimu alitaka ilowanishwe, nami nikatumwa kumwagia maji tuliyooshea vyombo. Mawe ya redio, yaani betri, tulikuwa tumeyaanika juani tangu alfajiri juu ya bati, yapate nguvu. Watu wa rika langu wanaelewa.

Mwalimu akawasha. Karanga zikaacha kukaangika. Nasema kweli. Zilirudi, lakini kwa mbali, na mbele yake wakatoka watu. Akatoka mtu wa Bujumbura, akatoka mwimbaji wa Zaire na magitaa yake, akatoka mtu wa Nairobi anasoma habari, akatoka mtu anaongea Kiarabu kwa hasira, wote mchana kweupe, wote ndani ya ua wetu wa minyaa. Watoto wa majirani walijaa. Bibi akasema, "Huyu mjukuu kweli hachagui."

Halafu kukawa kimya kabisa. Ni kile kipande cha Kishingo. Ule mguu kisiki Mwalimu alikuwa ameurefusha kwa kipande cha waya, lakini tumbo la kuku lilikuwa limeuchafua na lehemu haikutaka kuushika, iliteleza kama maji juu ya jani la gimbi. Alikwangua kwa wembe, akalehemu, ukashika, ukaachia. Akakwangua tena. Kisiki kikawa kifupi zaidi. Jua likavuka utosi. Watu walizidi kuja, wale wote waliolima siku ile ya magari mawili, wengine na majembe yao kabisa, sijui kwa nini. Walikaa chini kimya. Na mbele ya redio, kwenye kigoda cha babu, bibi alikuja akaweka kile kibakuli kilichofunikwa. Yeye akakaa chini, kwenye mkeka.

"Kishike kwa kidole," Mwalimu akaniambia hatimaye. "Hapo. Bonyeza, usilegeze."

Nikabonyeza. Dar es Salaam ikaja.

Nilikuwa nimepiga magoti, pua karibu iguse kisanduku, mgongo wangu kwa watu wote. Kwa hiyo yote niliyonayo ya alasiri ile ni ya kusikia, sikuona chochote. Nilimsikia mtangazaji akimaliza habari ya watu wa mahali pengine. Nikamsikia akitaja Shinyanga. Nikasikia pumzi za watu nyuma yangu zikikatika. Halafu ikaja ngoma ya jirani, na nyuma yangu jirani mwenyewe akasema, "Ni mimi huyo!" akanyamazishwa na mikono mingi. Halafu majembe. Halafu babu.

Alikuwa mzima. Sijui nikuambieje zaidi ya hivyo. Alikuwa mzima, ana jasho, ana haraka, anavuta pumzi pale pale alipokuwa akiivuta. Kidole changu kilianza kufa ganzi, na nilijua nikilegeza kidogo tu babu anakufa tena, na safari hii ni mimi. Nikabonyeza mpaka ile miguu ya waya ikaniingia nyamani.

Akafika kwenye uji. Uji unaosafiri kwa miguu kutoka Tabora. Redioni wale wakulima wakacheka, na uani kwetu wakacheka wale wale, sauti zao za zamani na za sasa zikagongana. Kisha nikamsikia bibi. Hakulia. Alisema kwa sauti kubwa, sauti ya mwanamke anayemjibu mume aliyeko shambani:

"Nakuja! Wewe kelele tu! Mtu mwenye njaa anaweza kuimba hivyo?"

Watu walicheka hadi wakalia, nadhani. Mimi nilicheka bila kutikisa mkono. Wimbo ukashuka, ukaenda mbali, mtangazaji akashukuru, na ikaanza ngoma ya watu wengine.

"Usiachie kwanza," Mwalimu akanong'ona, sijui kwa nini. Labda naye hakutaka kipindi kiishe. Sikuachia.

Nikasikia kifuniko cha kibakuli kikifunguliwa. Harufu ya firigisi ikaenea. Halafu nikasikia mtu anatafuna taratibu, kama mtu anayetafuta mfupa.

"Mayu!" Jirani alisema kwa mshangao. "Firigisi?"

"Mwenye nyumba ameimba, ameondoka," bibi akajibu mdomo umejaa. "Ulitaka nimrudishie kuku?"

Wanawake ndio walioanza kupiga vigelegele. Mmoja, kisha wote.

Kisha mkono wa bibi, wenye harufu ya moshi na maziwa, ukaja kutoka nyuma yangu, ukaniwekea kipande mdomoni, maana mkono wangu ulikuwa kazini. Ilikuwa ngumu kidogo, ina chumvi, ina utamu unaokuja mwisho. Mimi nilikuwa mtoto wa kike wa kwanza ninayemfahamu kula firigisi, na niliila nikiwa nimeshikilia Dar es Salaam kwa kidole.

Mjukuu hakuishi sana. Mvua za kwanza zilikuja na radi, ikapita kwenye waya wa juu, ikakiacha kisanduku cheusi ndani. Mwalimu alikifungua, akakifunga, akasema kilikuwa kimeshafanya kazi kiliyotumwa kufanya. Baadaye alihamishwa, upande wa kusini, na siku ya kuondoka bibi alimchinjia jogoo. Firigisi walikula nusu kwa nusu. Sijawahi kusikia habari zake tena, lakini kila nionapo shati jeupe mahali penye vumbi humtafuta ndani yake. Bibi naye amelala nyuma ya nyumba, karibu na mwimbaji wake, na nyumba yenyewe sasa ni tuta lenye mahindi ya mtu mwingine. Ua wa minyaa umeng'olewa. Watu wanalima kwa plau na trekta, na trekta haliimbiwi.

Siku hizi redio iko ndani ya simu, haina karanga, unachagua unachotaka. Yule kijana wa Rwamgasa alikuwa nayo mfukoni, waya masikioni, hata mwenzake wa benchi hasikii. Ninaona ni vizuri. Ila nakuambia ukweli, wimbo wa babu siukumbuki tena. Nimejaribu njiani, kwenye mabasi, usingizi unapokawia. Najua habari ya uji, najua pale watu walipocheka, lakini sauti yenyewe imekwenda. Kidole ndicho kinachokumbuka, na ulimi.

Nilipomaliza kufuta machozi yangu ya kicheko pale kwa mama ntilie, nilimgusa yule kijana bega, akatoa waya mmoja sikioni.

"Baba," nikamwambia, "hiyo firigisi tukate nusu kwa nusu."

Akaniangalia, akamwangalia mama ntilie, akacheka. "Haya, bibi," akasema, akaikata kwa kijiko, akanisogezea.

Nikaitafuna taratibu, nimefumba macho, kidole gumba na cha shahada nimevibana pamoja chini ya meza. Mashine za mawe zilikuwa zikinguruma nje kwa mpigo mmoja, zinapanda, zinashuka. Na kwa kitambo kidogo, nyuma ya kelele zote zile, kuna mtu alikuwa anavuta pumzi aanze kuimba.